KONA YA FUNDI: Mashine ya vumbi ikikataa kuvuta

Mwezi huu tuongee juu ya mashine ya kufyonza vumbi. Najua kuna atakayecheka: kambini tuna ufagio wa njiti, zulia liko wapi? Lakini kuna kina mama na vijana wetu waliokwenda Kampala kutafuta maisha. Wanapanga chumba Kamwokya, kule bondeni, na asubuhi wanapandisha Kololo kufanya usafi kwenye nyumba za watu. Huko juu mashine ndiyo ufagio. Ikizimika mkononi mwako, tajiri anasema umeiharibu, na mshahara unakatwa. Kumbe mara nyingi haijaharibika. Imeziba tu.

Tujue kwanza inavyofanya kazi. Ndani kuna mota inayozungusha feni kwa kasi. Feni inavuta hewa pamoja na vumbi. Vumbi linabaki kwenye mfuko, hewa inapita kwenye chujio na kutokea nyuma. Kwa mashine nyingi hewa hiyo hiyo ndiyo inapoza mota. Sasa mfuko ukijaa, au chujio likiziba na lile vumbi jekundu la Kampala, mota inachemka. Nyingi zina kifaa kidogo kinachokata umeme kabla mota haijaungua. Ndiyo maana saa ingine inazimika ghafla, na ukiiacha ipoe kama saa moja, inawaka tena.

Basi, usifungue kwa siri. Mwambie mwenye nyumba, halafu chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi tu haitoshi. Kisha angalia hivi:

1. Haiwaki kabisa? Chomeka chaji ya simu kwenye tundu lile lile. Pengine ni Yaka imeisha! Kama umeme upo, angalia fyuzi ndani ya plagi. Mashine hizi kwa kawaida zinataka fyuzi ya ampea 13. Usifunge waya wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Hiyo ndiyo inachoma nyumba.

2. Inavuta kidogo? Mfuko wa kitambaa kung'uta nje; wa karatasi badilisha. Chujio la sponji lioshe kwa maji, ulianike kivulini mpaka likauke kabisa, hata siku nzima. Likirudi na maji litaharibu mota. Chujio la karatasi usilioshe, likung'ute pole pole.

3. Bomba. Litoe pande zote mbili, udondoshe goroli juu. Isipotokea chini, kuna soksi au kaveera imekwama. Sukuma na mpini wa ufagio. Waya wenye ncha utatoboa bomba.

4. Brashi ya chini. Nywele na nyuzi zikijisokota, haizunguki. Kata kwa mkasi, na uangalie kama mkanda wake haujakatika.

Hapo ndipo kazi yako inaishia. Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona cheche nyingi au waya uliochubuka, acha, usiguse tena. Pengine kaboni za mota zimeisha. Ni vipande viwili vidogo, vinabadilishwa pamoja, na si lazima kununua mashine mpya. Lakini hiyo ni kazi ya fundi. Mpatane bei kabla hajafungua, na akurudishie vipande vya zamani uvione.

Tena, soma kibandiko cha mashine kabla ya kuchomeka. Ya Marekani inataka volti 120, na umeme wa Uganda ni 240. Bila transfoma itaungua siku ya kwanza, na lawama ni yako. Wala usifyonze maji, saruji au jivu la moto la sigiri.

Jamani, Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa nafasi ya kufanya kazi. Kuilinda kazi yenyewe kunataka pia kujua kujieleza. Mtu anayeweza kumwonyesha tajiri soksi iliyotoka kwenye bomba si rahisi kukatwa mshahara.

Mwenye dada au mtoto Kampala amsomee ukurasa huu kwa simu. Mwezi ujao tutaongea juu ya pasi ya umeme, Mungu akipenda.