Mbu Naye Ana Mbegu Yake

Mkulima wa Machakos hahitaji kufundishwa kwamba kila mbegu ina tabia yake. Tangu wataalamu wa kituo cha Katumani walipotoa, katika miaka ya 1960, mahindi yanayokomaa upesi, watu wa Ukambani wameona kwa macho yao jinsi mahindi ya namna moja yanavyokauka kabla ya kuzaa, na ya namna nyingine yanavyopata kukomaa ingawa mvua imekatika mapema. Udongo ni ule ule, na mvua ni ile ile. Tofauti imo ndani ya mbegu yenyewe, nayo hurithiwa.

Jambo ambalo wengi hawajalifikiri ni kwamba mbu naye ana mbegu yake. Yuko mbu apendaye damu ya watu na kuingia nyumbani mwao, na yuko mwingine, ndugu yake kabisa, akaaye porini na kuuma wanyama. Tabia hizo nazo hurithiwa, kama vile rangi ya ng'ombe au urefu wa bua la mhindi. Elimu hii imechunguzwa sana hapa hapa Kenya, nayo ina faida kwa kila mtu mwenye pipa la maji nyumbani kwake.

Mmoja wa watu walioweka msingi wa elimu hiyo alikuwa Profesa George Craig wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 1995. Alitumia miaka mingi kuchunguza urithi wa mbu aitwaye Aedes aegypti. Huyu ni mbu mwenye alama nyeupe miguuni, aumaye mchana, na ndiye aenezaye homa ya manjano na homa ambayo watu wa pwani tangu zamani waliiita kidingapopo, nao madaktari huiita dengi. Mwaka 1967 Profesa Craig alieleza kwamba mbu dume, akimpanda jike, humtia kitu kitokacho mwilini mwake kinachomfanya jike huyo awakatae madume wengine. Kwa kawaida, basi, jike huolewa mara moja tu katika maisha yake.

Habari hii yaweza kuonekana ndogo, lakini uzito wake ni mkubwa. Ikiwa jike hupokea mume mmoja tu, na mume huyo ana kasoro katika mbegu yake, basi kila mara jike huyo atagapo, mengi ya mayai yake yataharibika. Tena dume la mbu haliumi mtu, maana ni jike peke yake anayehitaji damu ili mayai yake yakomae. Kwa hiyo madume yaweza kufunguliwa kijijini bila kumwongezea mtu yeyote maumivu.

Mwaka 1970 Profesa Thomas Odhiambo, mwana wa Kenya, alianzisha mjini Nairobi kituo cha kimataifa cha kuchunguza wadudu, kiitwacho ICIPE. Profesa Craig alikuwa miongoni mwa wataalamu wa nchi za nje walioshirikiana nacho, na tawi la kuchunguza mbu liliwekwa Mombasa. Huko pwani wataalamu McDonald, Hausermann na Lorimer walifanya jaribio ambalo taarifa yake ilichapishwa mwaka 1977. Ndani ya kila kiumbe mna nyuzi ndogo mno zinazobeba urithi, ziitwazo kromosomu. Madume waliyoyatumia yalikuwa na kromosomu ambazo vipande vyake vilikuwa vimekatika na kubadilishana mahali. Dume la namna hiyo huruka na kuoa kama kawaida, lakini mengi ya mayai ya mke wake hayaanguliwi. Madume hayo yalifunguliwa kati ya mbu wa nyumbani, na kweli utasa ukaonekana katika mayai ya mbu wa mahali pale.

Hata hivyo mbu wa pwani hawakwisha. Mombasa ilipatwa na dengi tena mwaka 2013, na watu wengi waliugua. Haifai kudhani kwamba wataalamu walifanya kazi bure. Mkulima anayepanda mbegu bora katika shamba moja, huku mashamba yote ya jirani yana mbegu ya zamani, ajua kwamba upepo na nyuki huchanganya mbegu hizo. Mbu nao ndivyo walivyo, maana wana mabawa, na hawajui mpaka wa kijiji.

Katika nchi ya Rabai, nyuma ya Mombasa, wataalamu walikuta jambo jingine la ajabu. Mbu wa msituni alikuwa mweusi zaidi, akizaliana katika matundu ya miti yenye maji. Mbu wa nyumbani alikuwa mweupe kidogo, akizaliana katika mitungi ya maji ya kunywa. Wataalamu Trpis na Hausermann walipowachanganya, waliona kwamba tabia ya kuingia nyumbani hufuata urithi. Mwaka 2014 wataalamu wengine, wakitumia mbu wa Rabai, walionyesha kwamba kupenda harufu ya mtu kunahusiana na jeni moja inayomsaidia mbu kunusa.

Msomaji wa Machakos huenda akauliza, mambo ya Rabai yanamhusu nini mtu wa Iveti au wa Yatta? Jibu lilipatikana mwaka 2020, baada ya mayai ya mbu huyu kukusanywa katika sehemu nyingi za Afrika na kulinganishwa. Ilionekana kwamba mbu wapendao watu zaidi hutoka katika miji yenye watu wengi, na hasa katika nchi zenye kiangazi kirefu na kikali. Wataalamu walieleza sababu hivi: pahali ambapo matundu ya miti hukauka kwa miezi mingi, maji yaliyobaki ni yale ya mtungi na pipa la binadamu, kwa hiyo mbu aliyejifunga kwa binadamu ndiye aliyeacha uzao. Na ni nani asiyejua kiangazi cha Ukambani?

Hatari hii si ya pwani tu. Mwaka 2022 homa ya manjano ilizuka katika sehemu za Isiolo. Mwaka huo huo mbu wa malaria kutoka Asia, aitwaye Anopheles stephensi, alipatikana Marsabit. Mbu huyu naye hupenda maji yaliyowekwa akiba mijini. Machakos iko karibu na barabara kuu ya Mombasa, na katika mipira ya zamani ya motokaa na mapipa yanayosafirishwa, mayai ya Aedes husafiri pia, maana yaweza kukaa makavu miezi mingi bila kufa, yakingoja maji tu.

Ni desturi kuwaambia watu wamwage maji yote yaliyosimama. Shauri hilo ni rahisi kwa mwenye bomba. Lakini mama aliyebeba maji mgongoni kwa ukanda kutoka mtoni, au aliyeyaleta kwa punda kutoka mbali, hawezi kuambiwa ayamwage, na akikataa hana kosa. Maji ni uhai wa nyumba yake. Linalofaa ni kuyahifadhi pasipo kumkaribisha mbu.

Tangi la maji ya mvua na lifunikwe vizuri, na mdomo wake ufungwe wavu mwembamba pale maji yanapoingia. Pipa liwe na kifuniko kisichoacha upenyo. Kila juma maji ya mtungi yachujwe kwa kitambaa na kutiwa katika chombo kingine, kisha mtungi usuguliwe ndani kwa nguvu, kwa sababu mayai hushikamana na ukuta wa chombo na hayatoki kwa kusuuza tu. Mara saba kwa saba yatosha, maana katika joto kiluwiluwi huhitaji kama juma moja kuwa mbu. Makopo na mipira mibovu itobolewe, au iwekwe pasiponyeshewa.

Kazi ya wataalamu inaendelea. Katika mji wa Yogyakarta, Indonesia, mbu waliotiwa kijidudu kiitwacho Wolbachia walifunguliwa, na taarifa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba dengi ilipungua kwa asilimia 77. Hapa Kenya ICIPE ilitangaza mwaka 2020 kijidudu kingine, kinachomzuia mbu asipate vimelea vya malaria. Lakini Katumani ilitoa mbegu tu. Kupalilia kulibaki kuwa kazi ya mwenye shamba, na kufunika pipa ni kazi ya mwenye nyumba. Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Na tende lenyewe, kama watu wa pwani wajuavyo, huletwa na mbu.