Elimu Haitangui Wosia wa Marehemu

Imani iliyoenea miongoni mwa wanaozuru maonyesho ya miili ya binadamu iliyohifadhiwa ni kwamba maiti hana cha kupoteza, na kwa hiyo chochote kinachowekwa nyuma ya kioo ni halali maadamu mtazamaji ameelimika. Imani hiyo ni potofu, kwa sababu inachanganya maumivu, ambayo kweli maiti hayasikii, na ridhaa, yaani kauli ya hiari ya mtu kuhusu mwili wake, ambayo aliitoa au aliinyima angali hai.

Ushahidi ulio wazi ni wa Charles Byrne, kijana wa Ireland mwenye urefu wa takriban mita 2.3, aliyefika London mwaka 1782 na kujipatia riziki kwa kutazamwa na watu waliolipa kiingilio. Akijua kwamba madaktari wa upasuaji walikuwa wakiuvizia mwili wake, aliusia azikwe baharini. Lakini alipofariki mwaka 1783, akiwa na miaka 22 tu, daktari John Hunter aliupata mwili huo kwa fedha, akauchemsha ili nyama zibanduke, kisha akaiunga mifupa kuwa kiunzi kizima. Katika picha ya Hunter iliyochorwa na Joshua Reynolds, mifupa ya miguu ya Byrne inaonekana ikining'inia kwenye kona ya juu, mithili ya nyara ya mwindaji.

Watetezi wa maonyesho hayo hukumbusha kwamba mwaka 1909 daktari wa upasuaji wa ubongo Harvey Cushing alilichunguza fuvu la Byrne na kukuta kishimo cha tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo inayotoa homoni ya ukuaji, kimepanuka, na kwamba mwaka 2011 watafiti walipata katika meno yake chembe za urithi zenye kasoro iliyosababisha maradhi ya tezi hiyo. Hayo ni kweli, lakini majibu yalitoka ndani ya fuvu na ndani ya jino, wala hakuna hata moja lililohitaji kiunzi kusimamishwa mbele ya umati kwa zaidi ya karne mbili. Isitoshe, haja ya mwanafunzi, hata iwe kubwa namna gani, haigeuki kuwa deni la marehemu.

Elimu na ridhaa hazigombani. Tangu Gunther von Hagens avumbue mwaka 1977 plastinesheni, yaani njia ya kuondoa maji na mafuta mwilini na kujaza plastiki mahali pake, wapo watu wengi waliojiandikisha kwa hiari yao kutoa miili yao. Pale ridhaa isipothibitishwa, maonyesho hayana cha kujitetea, na hata ikithibitishwa biashara ina mpaka wake: mwaka 2010 mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa katika kesi za madai ilishikilia zuio la maonyesho ya maiti kwa ajili ya biashara, kwa kuwa sheria inataka masalia ya binadamu yatendewe kwa heshima na staha.

Makumbusho ya Hunterian, ambako kiunzi cha Byrne kilikuwa kikionyeshwa, yalipofunguliwa upya mwaka 2023, kiunzi hicho hakikuonekana tena ukumbini, ingawa kimehifadhiwa kwa ajili ya utafiti. Hatua hiyo inastahili sifa, lakini haijatimiza haki, kwa maana wosia wa Byrne ulitaja bahari, na ghala ya makumbusho si bahari.