Kiunzi cha Jani: Istilahi Moja na Deni Letu

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kumudu sayansi mpya, na jambo la kusikitisha ni kuwa baadhi yao ni sisi tunaokisomea shahada. Binafsi nililipima dai hilo wakati wa likizo, si maktabani bali jikoni kwa nyanya, huko Kanja, Embu. Nilimwambia kwamba wataalamu wamekuza nyama ya moyo wa binadamu juu ya jani la mboga. Akaniuliza: "Mjukuu wangu, na jani hilo halitachipuka kifuani mwa mtu?"

Swali lake lilikuwa la maana, nami nilikosa maneno ya kulijibu.

Mambo yenyewe ni haya. Seli za mwili zikikuzwa maabarani kwenye sahani hutandaa kama utando mwembamba. Ili ziwe kiungo chenye unene, zinahitaji umbo la kushikilia, tena zinahitaji mishipa, kwa kuwa seli iliyo mbali na damu hata kwa sehemu ndogo ya milimita hufa kwa kukosa hewa na chakula. Kuunda mishipa myembamba kiasi hicho ni kazi ngumu mno. Mmea, hata hivyo, umekwisha kuiunda. Mnamo 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, wakiongozwa na Andrew Pelling, walichapisha matokeo yaliyoonyesha seli za mamalia zikikua ndani ya vipande vya tofaa vilivyoondolewa seli zake. Mwaka 2017 wenzao wa Worcester, Marekani, walipitisha dawa ya namna ya sabuni katika jani la spinachi hadi seli zote zikatoka, likabaki jani jeupe linaloangaza, lenye mishipa yake. Wakapanda humo seli za misuli ya moyo wa binadamu, nazo zikawa zikijikunyata na kulegea kwa muda wa hadi siku 21. (Spinachi hiyo, nisipotoshe mtu, si ile inayouzwa kwa jina hilo katika masoko yetu, ambayo kwa kawaida ni mmea mwingine.) Kazi hii ingali ya utafiti, asije mtu akadhani mioyo ya majani inapatikana hospitalini.

Je, kile kinachobaki baada ya kuosha tukiiteje? Waingereza wamelichukua neno la waashi, lile jukwaa la miti ambalo fundi husimama juu yake akijenga ukuta. Tukilitafsiri kwa pupa tutasema "jukwaa", na msomaji atawaza wanasiasa. Isitoshe, jukwaa la mwashi hubomolewa nyumba ikiisha, ilhali selulosi ya mmea hubaki, maana mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuivunja. Napendekeza "kiunzi". Mafundi wa pwani hulitumia kwa mbao zinazokipa chombo umbo lake, na mbao hizo husafiri na chombo hadi mwisho wake. Najua pingamizi litakalotolewa: kwa Wakenya wengi viunzi ni vile vinavyorukwa na wanariadha. Hata hivyo, neno "kiunzi cha mifupa" limezoeleka, wala hakuna anayelisikia akafikiria mbio.

Hata neno "tishu" lina safari yake. Lilifika mashambani katika miaka ya 1990, wakati Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Kenya, KARI, ilipoanza kueneza miche ya migomba iliyokuzwa maabarani. Hadi leo mkulima akisikia tishu huwaza ndizi; kijana wake huwaza karatasi ya kupangusia pua. Mwanabiolojia yuko nyuma ya hao wawili, naye anategemea sisi tumsogeze mbele.

Nalishikilia suala hili kwa sababu siku moja mgonjwa wa Runyenjes au Chuka atapewa karatasi atie sahihi akubali kuwekewa kitu cha namna hii mwilini. Tangu 2010 Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Iwapo karatasi hiyo itakuwa kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili kisichoeleweka hata na muuguzi, ridhaa hiyo itakuwa ya nani? Kusubiri hadi karatasi ifike ndipo tukutane kubuni maneno ni kuchelewa. TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kabla ya taaluma hii ya majani kuzaliwa. Kizazi chetu kimeongeza nini? Tasnifu zetu nyingi, nikiwemo mimi, zinazunguka riwaya zile zile.

Nyanya nilimjibu hatimaye kwa viazi vikuu. Nilimkumbusha kwamba yeye hupanda kiazi kikuu kando ya mti ili kipate pa kupandia, na kwamba wataalamu wamefanya vivyo hivyo, ila mti wao wameuua kwanza, wakauosha, wakabakisha umbo. Kwa hiyo hautachipuka. Alitafakari, kisha akataka kujua kama mti huo uliokufa hautaoza. Nikamweleza habari za selulosi. Safari hii maneno yalitosha.