Safari ya White Rim Iendelee, na Wazazi Waje

Katika mkutano wa chama wa mwezi uliopita ililetwa hoja kwamba safari ya magari kwenda Canyonlands isirudiwe mwaka huu. Sababu zilikuwa tatu: gharama ni kubwa, njia ni ya hatari, na kulala kwenye mahema ni mambo ya Wazungu yasiyohusiana na Kiswahili. Kura itapigwa mkutano ujao. Mimi nilikwenda Oktoba iliyopita, na ninaandika kuwaomba wanachama wenzangu tupige kura ya ndiyo. Lakini nianze na mtu aliyenipinga kabla yenu, yaani mama yangu.

Nilipomwambia kwamba ninakwenda kupiga kambi jangwani, aliweka sufuria chini akaniangalia. "Wee mutoto," akasema, "sisi tulilia tutoke mu kambi, na wewe unalipa franga uingie?"

Sikuwa na jibu. Nilizaliwa Nyarugusu, mkoani Kigoma, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa watu waliokimbia vita Kongo. Wazazi wangu walitoka Fizi. Nilikuwa na miaka minane tulipopata ndege ya kuja Marekani. Nyumbani kwetu neno kambi lina maana ya foleni ya maji, mgao wa unga na maharage, na kibali. Mkimbizi haruhusiwi kutoka nje ya kambi bila kibali. Na Land Cruiser tulizijua vizuri: zilikuwa nyeupe, za wafanyakazi wa mashirika. Sisi watoto tulizikimbilia kwenye vumbi, hatukuzipanda.

Sasa tazameni safari yetu ilivyokuwa. White Rim ni njia ya mawe na mchanga, mzunguko wa kilomita kama 160, na kwa gari inachukua siku mbili au tatu. Gari dogo la mjini halifai. Linatakiwa gari lililoinuka, lenye gia nzito na nguvu kwenye magurudumu yote manne. Kulala huko kunahitaji kibali, na kundi moja haliruhusiwi kuzidi magari 3 na watu 15. Maji ya kunywa hayapo njia nzima. Tulikuwa watu sita na magari mawili, tukabeba madumu manne ya lita 20. Nilipokuwa nikiyajaza pale Moab niliona nimerudia kazi niliyoifanya nikiwa mtoto, ila safari hii kibali kilikuwa cha kuingia.

Nijibu hoja kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Njia ile haikuchongwa kwa ajili ya watalii. Ilichongwa miaka ya 1950 na watu waliokuwa wakitafuta urani, wakati serikali ya Marekani ilipotaka kuipata ndani ya nchi yake. Kabla ya hapo urani yake nyingi ilitoka Shinkolobwe, Katanga, ambako wachimbaji walisema Kiswahili. Urani ya Shinkolobwe ndiyo iliyotumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Hifadhi ya Canyonlands ilikuja baadaye, mwaka 1964. Kwa hiyo mtu wa Kongo anapopita njia ile hajaingia katika hadithi ya wengine. Hili sikulijua mpaka nilipotakiwa kuandaa maelezo ya njia kwa Kiswahili kabla hatujaondoka, na sidhani kama ningelitafuta kwa sababu nyingine.

Hoja ya hatari ni ya kweli, na sitaidharau. Mteremko wa Shafer una ukuta wa jabali upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu. Siku ya pili, kabla ya kupanda Murphy Hogback, gari letu la nyuma lilipata pancha. Simu hazikushika. Tulipoweka jeki, ilizama mchangani. Dada mmoja ambaye kwao ni Mombasa alileta kibao chake cha kusukumia chapati, tukakiweka chini ya jeki, gari likainuka. Kibao kilipasuka, na bado tunamdai radhi. Lakini tulikuwa na spea, tulikuwa na maji, na tulikuwa magari mawili, kwa hiyo pancha ilibaki pancha. Hatari ile hupunguzwa kwa maandalizi. Napendekeza iwe sharti kwamba kila dereva ajifunze kubadilisha tairi na kupunguza upepo wa matairi kabla ya safari, hapahapa kwenye maegesho ya chuo.

Na pale kwenye pancha ndipo nilipoelewa faida ya safari kwa lugha yetu. Kiswahili changu ni cha jikoni na cha kukemewa. Darasani nakiandika, nyumbani nakisikia, lakini sijawahi kukifanyia kazi. Kule tulikubaliana kutosema Kiingereza tukiwa njiani. Kwenye kila kona mbaya mmoja alishuka akatembea mbele ya gari: kata kushoto, polepole, simama, rudi kidogo. Ukikosea neno, gari linagonga jiwe. Mimi nilisema shofere na kamyo, mwenzangu wa Mombasa akasema dereva na lori, na Mmarekani aliyeanza kujifunza mwaka jana akachukua yote manne. Hakuna aliyemsahihisha mwenzake, kwa kuwa hapakuwa na nafasi. Walimu wetu wanatuhimiza tuzungumze bila woga. Mimi woga uliniisha siku ile, nikiwa nimepiga magoti kwenye mchanga.

Kuhusu gharama, waliolalamika wana haki. Wanachama wawili walibaki nyumbani mwaka jana kwa sababu ya pesa, na mmoja alisingizia mtihani. Safari ya chama isiyoweza kumbeba mwanachama si safari ya chama. Ninachoomba ni kwamba mapato ya jioni za chai na mandazi yaende kwanza kwenye kukodi magari, mahema tuazime badala ya kununua, na anayehitaji kusaidiwa amwambie mweka hazina peke yake, si mbele ya mkutano.

Nina ombi moja zaidi. Niliporudi nilimwonyesha mama picha. Nilidhani atazitazama zile za machweo. Yeye aliuliza choo kiko wapi, upepo ulitoka upande gani usiku, na kwa nini tulipiga hema bondeni wakati mvua ikija maji yatapita hapohapo. Akaniambia tungechimba mfereji kuzunguka hema. Nikamweleza kwamba kule kuchimba hairuhusiwi, kwa sababu udongo una gamba hai ambalo likivunjwa huchukua miaka mingi kupona. Akafikiri, akasema basi mngesogea juu.

Katika vikao vyetu vitatu vya maandalizi hakuna aliyeuliza upepo unatoka wapi. Mama alikaa hemani na kwenye nyumba ya udongo miaka kumi na mitatu. Miongoni mwa wazazi wetu wapo wengi wa namna hiyo, na hatujawahi kuwaomba ujuzi huo. Tunawaomba wapike siku ya sherehe tu. Nafasi za watu 15 zipo, na sisi hatuzimalizi. Nafasi tatu ziwe za wazazi.

Sidai kwamba mama atafurahi. Nilimuuliza wiki iliyopita kama angekuja. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mtu akichoka katikati anaweza kurudi nyumbani. Nikamwambia ndiyo, wakati wowote, gari linageuka. Akasema atafikiri, na kwamba akija atalala ndani ya gari, si hemani.

Kwangu hilo linatosha kupiga kura. Nawaomba na nyinyi mje kwenye mkutano.