Mtoto Aliyetumwa na Unga

Mzazi mwenzangu, ugomvi wa wakubwa unaweza kumfikia mtoto kwa njia hii. Gaston Fébus alikuwa bwana wa Foix, kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1349 alimwoa Agnès, dada wa mfalme wa Navarre. Mahari, ambayo kwao ilitoka upande wa mke, haikuisha kulipwa. Mwaka 1362, mara baada ya kujifungua mtoto wa kiume, Agnès alifukuzwa. Mtoto akabaki kwa baba.

Froissart, mwandishi aliyefika kwa Fébus mwaka 1388, anasimulia kwamba kijana alipokwenda kumwona mama, mjomba alimpa kifuko cha unga: mtilie baba kwenye chakula, atampenda mama yako tena. Hapo ndipo naumia. Sumu ilikuwa ya mjomba. Hamu ya kuona wazazi wakirudiana ilikuwa ya mtoto. (Nasi je, hatuwatumi? “Kamwambie baba yako ada haijalipwa.”)

Kifuko kikagunduliwa. Mbwa akalishwa ule unga, akafa. Kijana akafungiwa, akagoma kula. Baba akamwendea kwa hasira, kisu kidogo mkononi, kikamkata mshipa wa shingo. Ilikuwa 1380. Fébus alifariki mwaka 1391, bila mrithi wa ndoa.