Daftari Lenye Safu Moja

Je, mama msomaji, umewahi kwenda kumtembelea mwenye shida ukiwa na mfuko mkononi na daftari kwapani? Sisi tumefanya hivyo kwa miaka mingi. Kila mwisho wa mwaka kikundi chetu cha akina mama kilikusanya nguo zilizochakaa kidogo, mchele, sukari na sabuni za mche, tukakodi gari na kushuka bondeni, kwenye mtaa ambao masika yakianza maji huingia hadi uvunguni mwa vitanda. Kabla ya kugawa tuliandika: jina la mama wa nyumba, idadi ya watoto, kisha safu moja ndefu yenye kichwa, ANACHOKOSA. Safu hiyo ilijaa upesi. Choo, chandarua, ada, mume.

Mwaka juzi bibi mmoja anayeuza samaki wa kukaanga alituomba tumsomee tulichomwandikia. Tulitazamana. Mwenzetu mmoja akasoma kwa sauti ndogo: "Mjane. Anaishi na wajukuu watatu. Hana kitu."

Bibi akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. "Wanangu," akasema, "mmeniandika kama nyumba iliyoungua. Nimekaanga samaki miaka 25, nimesomesha watoto wanne. Msiba ukitokea mtaa huu mimi ndiye napanga masufuria na kusema nani achote maji, nani achambue mchele. Hilo hamkuniuliza."

Kisha akaupokea mchele, maana mchele ni mchele, akatushukuru kwa adabu kuliko tulivyostahili.

Siku hiyohiyo tuliona jambo jingine. Katika nyumba ya tatu kulikuwa na kitu kimefunikwa kanga pembeni mwa chumba. Mtoto mdogo akavuta kanga ikaanguka, na hapo tukaiona cherehani, nzima, uzi bado umetungwa sindanoni. Mama yake aliinamisha uso kwa aibu. Alikuwa ameificha. Alijua kwamba wageni wa mchele wakiiona cherehani, jina lake lingekatwa. Ndugu msomaji, hebu fikiri: tulikwenda kumsaidia mama yule, tukamfundisha kuficha kilicho bora nyumbani mwake. Na watoto walikuwa wakitazama.

Tulirudi kimya. Wengine kati yetu walinuna, wakasema maskini wa siku hizi hawana shukrani. Wengine tukaanza kuuliza na kusoma, tukagundua kwamba kosa letu lina wenzake duniani. Huko Marekani, mwaka 1993, John Kretzmann na John McKnight wa Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na jiji la Chicago, walitoa kitabu kuhusu mitaa iliyodharauliwa. Hoja yao ni rahisi. Mtaa ukichorwa kwa mapungufu yake tu, yaani uhalifu, ukosefu wa kazi, wasiojua kusoma, basi wataalamu watakuja kutibu mapungufu, fedha zitapita mikononi mwa wataalamu, na wakazi wenyewe wataishia kujiona wagonjwa wanaosubiri zamu. Wao wakashauri ianze orodha nyingine: kila mtu anajua kufanya nini, mtaani kuna vikundi gani, kuna kiwanja gani kilicho wazi. Walitengeneza hata karatasi ya maswali ya kupita nayo nyumba kwa nyumba. Swali mojawapo linauliza kama mtu anaweza kupikia watu wengi, na kwao "wengi" ni zaidi ya 10! Tulicheka sana. Kwetu 10 ni wageni wa Jumapili waliokuja bila taarifa.

Lakini mfano uliotugusa zaidi ni wa akina mama wa India. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitoa hukumu iliyoruhusu wakuu wa jiji la Bombay, ambalo leo linaitwa Mumbai, kuwaondoa watu waliojenga vibanda kandokando ya barabara. Watu hao walisemwa kuwa ni wazururaji. Mwaka huohuo shirika dogo liitwalo SPARC, lililokuwa limeanza mwaka mmoja nyuma yake, lilishirikiana na wakazi kuhesabu kaya zipatazo 6,000. Ikaonekana kwamba wengi wa hao "wazururaji" ni wafanyakazi, wanaolala pale ili waweze kufika kazini kwa miguu. Mwaka 1986 akina mama wa vibanda hivyo wakaanzisha umoja wao, Mahila Milan, maana yake wanawake pamoja. Wakaanza kuweka akiba, vijisenti vya kila siku, mwenzao akipita mlango kwa mlango kuzikusanya.

Nao walipoanza kufikiria nyumba, walitumia sari zao. Sari ina urefu unaojulikana na kila mwanamke wa huko, kama sisi tunavyoijua kanga. Walizitandaza chini kupima vyumba, wakaingia, wakajaribu kama mtu anaweza kupika huku mwingine amelala. Wakaamua nyumba iwe ndogo lakini yenye urefu wa futi 14, ili ndani iwekwe dari ya kulala watoto. Mama aliyekwisha kulea watano kwenye kibanda anajua ni wapi mtoto atalala na ni wapi moto utawashwa, hata kama hajawahi kushika kalamu ya kuchorea ramani. Nyumba zenyewe hazikuja upesi. Walingoja miaka mingi, wakiweka akiba na kuzibisha ofisi hodi.

Maarifa hayo yalivuka bahari. Nchini Kenya, Muungano wa Wanavijiji ulianza mwaka 1996, wakati mabanda ya Nairobi yalipokuwa yakibomolewa. Wanachama wake walitembeleana na wenzao wa India. Katika kijiji cha Kambi Moto, mtaa wa Huruma, wakazi walijihesabu wenyewe, wenye mabanda na wapangaji wakakubaliana wote wahesabiwe sawa (jambo gumu hilo, yeyote aliyewahi kupanga chumba anajua), na mwaka 2003 ujenzi ukaanza kwenye ardhi ya jiji. Akina mama walichanganya zege na kumimina vipande vya dari kwa mikono yao.

Basi sisi tulifanya nini? Tulinunua daftari jipya. Safari hii hatukuandika sisi. Bibi wa samaki na yule mama mwenye cherehani walipita nyumba kwa nyumba, kwa sababu wao hawafichwi kitu. Kichwa cha safu kilisema ANACHOJUA. Walikuta mafundi cherehani kadhaa, mzee fundi bomba aliyestaafu, msichana aliyesomea ualimu wa chekechea akakosa ajira, mama anayesaidia wazazi kujifungua usiku gari linapokosekana, na vikundi vya upatu vitatu ambavyo sisi hatukuwahi kuvisikia. Baada ya miezi miwili yule msichana alikuwa akikaa na watoto barazani kwa bibi, kuanzia alfajiri mama zao wanapokwenda feri kununua samaki. Zamani baadhi ya watoto hao walifungiwa ndani kwa kufuli. Mama zao huchangia kidogo kidogo, na anayeshindwa hufua au huteka maji.

Hapa tuseme wazi jambo linalotukera. Baadhi ya wakubwa wakisikia habari kama hizi hufurahi kupita kiasi. "Kumbe wananchi wanaweza wenyewe!" husema, na bajeti ya mtaro hupelekwa kwingine. La. Upatu haujengi daraja, na upishi wa bibi, hata uwe mtamu vipi, hauleti bomba la maji bondeni. Wale akina mama wa Mumbai hawakuweka akiba ili serikali ipumzike. Waliweka akiba na kuhesabiana ili wakifika ofisini wawe na hesabu mkononi, wasiweze kuambiwa kwamba hawapo.

Na sisi wa kikundi? Tulipouliza sasa tulete nini badala ya mchele, tulitegemea kuambiwa cherehani nyingine au vikombe vya watoto. Walinong'ona kwanza. Kisha bibi akasema wanataka twende nao ofisi ya maji. Si kuwasemea, alisisitiza. Mzee fundi bomba anajua bomba kubwa linapita wapi na atasema mwenyewe. "Nyinyi mkae tu benchini. Mkiwa mmekaa pale hawatatuambia njooni kesho."

Maneno hayo yalituuma kidogo, kwa kuwa ni kweli. Kitenge kizuri na mkoba hufungua milango ambayo beseni la samaki hufungiwa. Hilo nalo likaingia daftarini, kwenye ukurasa wetu.

Tumekwenda mara tatu. Mara ya pili walipewa barua yenye muhuri, mara ya tatu mpimaji alishuka bondeni na mzee akamwonyesha njia. Maji bado. Tunarudi Jumanne ijayo, na bibi ametuomba tufike mapema, kwa sababu saa nne mafuta yake yanakuwa tayari jikoni.