Kambare wa kwenye tangi anahitaji majirani wapole

NYUMBA ya kambare kila mmoja ana ndevu, husemwa hivyo kwa familia isiyo na mkubwa. Lakini kwenye tangi la samaki pale sebuleni, mwenye ndevu mara nyingi ndiye mnyonge.

Mzazi hununua samaki wa rangi, kisha anaongezewa kambare mmoja "wa kusafisha chini". Baada ya wiki chache kambare amekufa na mtoto analia. Maji yalikuwa masafi na chakula kilikuwepo. Tatizo lilikuwa majirani.

Tumchukue koridora, kambare mdogo mwenye asili ya Amerika Kusini. Ni mpole, na hushinda chini akipapasa mchanga kwa sharubu zake. Jirani wake wa kwanza ni koridora mwenzake. Huishi kwa makundi, na akiwa peke yake hujificha na kudhoofika. Nunua sita wa aina moja, katika tangi lisilopungua lita 60, na chini uweke mchanga laini. Kokoto zenye ncha humkata sharubu.

Wanaomfaa ni samaki wadogo watulivu wanaokaa katikati au juu ya maji, kama tetra, rasbora na plati. Kila mmoja ana ghorofa yake, hakuna ugomvi.

Wasiomfaa ni hawa:

• Samaki wa dhahabu. Hupenda maji ya baridi zaidi, huchafua sana, na hukua wakawa wakubwa.

• Mbuna wa Ziwa Nyasa. Wanapendeza, lakini hulinda eneo lao kwa ukali. Ukitaka kambare wa kukaa na jamii hiyo, wapo gogogo wa Ziwa Tanganyika, walio imara na waliozoea maji magumu.

• Oska na wengine wenye mdomo mpana. Humeza koridora. Koridora naye hukaza miiba ya mapezi yake, akakwama kooni. Unaweza kuwapoteza wote wawili.

Mwangalie pia pleko. Dukani analingana na kidole, lakini aina ya kawaida hupita sentimita 30. Tangi dogo halimfai kabisa.

Jambo jingine ni chakula. Kambare si mfagizi, na hali kinyesi cha wenzake. Samaki wa juu wakimaliza kila punje, yeye analala njaa. Mwekee tembe zinazozama, jioni baada ya kuzima taa ya tangi.

Kabla ya kwenda dukani, mpe mwanao kazi ya kuuliza maswali matatu. Samaki huyu hukua hadi kiasi gani? Hukaa sehemu gani ya maji? Hupenda joto gani? Koridora wengi hustawi kwenye nyuzi 22 hadi 26. Majibu yakipingana na ya samaki mlio nao nyumbani, msinunue, hata mtoto akinuna.

Na samaki akishindikana, mrudisheni dukani au mpeni mfugaji mwingine. Msimwachie mtoni wala ziwani, maana mgeni huweza kuwaharibia makazi samaki wenyeji.

Mtoto akizoea kuuliza kwanza mnyama anahitaji nini, siku akitaka paka au sungura mtakuwa na pa kuanzia mazungumzo.